Jinsi ya kutambua maji katika oili ya difu ya pikapu

PIKAPU iliyovuka mto uliofurika inaweza kuendelea na kazi kwa majuma kadhaa bila kutoa mlio wowote wa kutia shaka, ilhali ndani ya ekseli yake ya nyuma kutu inazidi kula beringi na meno ya gia. Mlio unaposikika, mara nyingi uharibifu huwa umekwisha kutokea. Ndiyo maana mafundi hupendekeza oili ichunguzwe mapema.

Katikati ya ekseli hiyo pana difu, yaani kisanduku cha gia kinachopokea nguvu kutoka kwa propela na kuigawa kwa magurudumu mawili ya nyuma. Gia hizo hulindwa na oili nzito, aghalabu ya daraja la GL-5. Maji yakiingia, utando wa oili unaotenganisha chuma na chuma hudhoofika.

Gilgil, katika Kaunti ya Nakuru, iko kwenye barabara kuu ya Nairobi kuelekea Nakuru, yapata mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Nje ya lami, njia za mashambani hugeuka mikondo ya maji wakati wa mvua ya masika, kati ya Machi na Mei. Mafuriko ya mwaka 2024 yaliyokumba sehemu nyingi za nchi yalidhihirisha jinsi hali hiyo inavyoweza kuwa mbaya. Kwa mkulima anayepeleka maziwa au viazi sokoni, pikapu ikikwama riziki nayo hukwama.

Maji huingiaje?

Gari likitembea, difu hupata joto na hewa iliyomo hutanuka, ikatoka kupitia kipumulio kilicho juu ya ekseli. Ekseli yenye joto ikizama ghafla katika maji baridi, hewa iliyobaki husinyaa na kuvuta kilicho nje. Ikiwa kipumulio kimezama, maji hupitia hapo. Ikiwa kimezibwa na matope, hunyonywa kupitia sili zilizochakaa za magurudumu au ya propela.

Baridi ya usiku pia huweza kuacha umande ndani ya difu, hasa kwa gari la safari fupi fupi. Hata hivyo, umande huo huwa kidogo. Oili yote ikibadilika rangi, yamkini maji yametoka nje.

Hatua za uchunguzi

Kwanza, gari liegeshwe mahali tambarare usiku kucha, magurudumu yakiwa yamezuiwa. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yale ambayo hayajachanganyika hutuama chini.

Pili, ifunguliwe boliti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, kwani ikikataa kufunguka baada ya oili kumwagwa, gari litabaki bila oili. Kwa kawaida oili hufika karibu na ukingo wa tundu hilo. Ikimwagika kwa wingi ilhali hakuna aliyeiongeza, kuna kitu kimeingia.

Tatu, boliti ya chini ilegezwe polepole na matone ya kwanza yakingwe katika chupa safi ya kioo. Maji yakitangulia, jibu limepatikana. Oili iliyofanana na chai ya maziwa imekwisha kuchanganyika na maji. Iliyo nyeusi huenda imezeeka tu. Povu la hewa hutoweka chupa ikiachwa kwa saa kadhaa, lakini weupe wa maji hubaki.

Nne, palipo na shaka, tone moja lidondoshwe kwenye bati lenye moto, mbali na petroli na macho yakiwa yamekingwa. Likitatarika, lina maji. Likikaa kimya, bado huenda kuna unyevu mdogo mno.

Mwisho, boliti yenye sumaku ikaguliwe. Ungaunga laini wa kijivu ni wa kawaida. Vipande vya chuma au kutu ni ishara ya madhara.

Ngoma za breki za nyuma pia zifunguliwe. Sili iliyopitisha maji huweza kupitisha oili hadi kwenye breki, jambo la hatari kwa gari lenye mzigo katika mteremko kama wa Mai Mahiu.

Tiba

Oili imwagwe yote, itiwe mpya, gari litembezwe kidogo kisha oili ichunguzwe tena. Ikiwa bado ina weupe, ibadilishwe mara nyingine. Beringi zilizoshikwa na kutu hazina budi kuondolewa. Oili chafu isimwagwe ardhini wala mtaroni: Mto Gilgil huingia Ziwa Naivasha, lililotambuliwa mwaka 1995 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Kubadilisha oili bila kuzibua kipumulio na kuweka sili mpya ni kutwanga maji kwenye kinu. Mvua ijayo italirudisha gari kwa fundi.