Mshahara wa Mseja

Neno mshahara limetujia kutoka Kiarabu, na ndani yake umejificha mwezi, shahr. Ni malipo ya mwandamo hadi mwandamo. Ujira ni neno pana zaidi, lisilojali kalenda. Kibarua, ambalo leo ni jina la kazi ya kutwa na la mtu aifanyaye, lilikuwa barua ndogo, kijikaratasi alichopewa mtu kuthibitisha kwamba siku fulani alifanya kazi. Kipande, katika Tanganyika ya Waingereza, kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi ambazo mtu alipaswa kuzikamilisha ndani ya siku 42. Asiyemaliza vijisanduku vyake hakuwa na mwezi, hata kama mwezi wa mbinguni umekwisha kuandama na kufifia. Ndivyo lugha yetu ilivyoiweka kumbukumbu ya ajira, kwa karatasi na tarakimu. Bei ya unga haikuwahi kuwa na kipande. Yenyewe hupanda siku yoyote.

Msomaji wa visiwani aweza kuuliza historia hii ina uhusiano gani na Mbebe, kata ya wilaya ya Ileje, mkoani Songwe, kule kwenye milima ya kusini-magharibi mwa Tanzania inayopakana na Malawi. Ni mbali na karafuu na minazi. Wenyeji wa Ileje ni Wandali, Walambya na Wamalila, wakulima wa mahindi, maharage, ulezi na kahawa. Mkoa wenyewe ni mchanga, maana ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, na enzi za Waingereza nchi hiyo ilihesabiwa katika wilaya ya Rungwe. Lakini hesabu ya mishahara ya pwani, na ya migodi, na ya mashamba ya katani, haijumlishiki bila ya mahali kama Mbebe. Huko ndiko ilikolipwa ile sehemu ya ujira ambayo mwajiri hakuilipa.

Maafisa wa kikoloni na waajiri walikuwa na kanuni moja isiyohitaji kuandikwa ubaoni. Mwafrika aliyeajiriwa, walisema, ni mgeni wa kazi. Amekuja kwa miezi kadhaa kutafuta fedha ya kodi na shuka, kisha atarudi kwao. Mke na watoto wamebaki shambani na shamba linawalisha. Basi mshahara wake uwe wa mtu mmoja, mseja, awe ameoa au hajaoa. Posho ya unga na maharage ilipimwa kwa tumbo lake peke yake. Akiugua au akizeeka, kwao kungempokea. Kwa ufupi, mwajiri alinunua nguvu za mwanamume mzima na kulipia robo ya maisha yake, na zile robo tatu zilizosalia zikaandikwa kwenye daftari la mkewe.

Daftari hilo halikuwa jepesi. Kodi ya nyumba ilianzishwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na Waingereza wakaiendeleza. Haikulipika kwa ulezi bali kwa fedha, na fedha ilikuwa mbali. Ilikuwa Lupa, upande wa Chunya, ambako dhahabu ilivuta maelfu ya vibarua katika miaka ya 1920 na 1930. Ilikuwa Tanga kwenye mkonge, walikokwenda manamba, watu waliopewa jina la tarakimu iliyoandikwa katika mikataba yao. Ilikuwa kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, na mbali zaidi, kwenye dhahabu ya Johannesburg, mpaka Tanganyika ilipopata uhuru na kuufunga mlango huo. Miongoni mwa Wanyakyusa, majirani wa Wandali, kulima kwa jembe kulikuwa kazi ya wanaume na vijana wao, na wanawake walipanda, wakapalilia na kuvuna. Mwanamume akiondoka kwa mwaka mmoja au miwili, jembe lilibaki likitafuta mkono. Shamba lilipungua au mwanamke akalibeba lote. Hapo ndipo kanuni ya mseja ilipojipinga yenyewe: ilitegemea shamba, na wakati huohuo ililinyang'anya shamba mlimaji wake.

Aliyeliona jambo hili kutoka ncha zote mbili alikuwa Godfrey Wilson. Yeye na mkewe Monica waliishi Rungwe katikati ya miaka ya 1930, wakiwachunguza Wanyakyusa. Kisha akaenda kuongoza taasisi ya utafiti Rhodesia ya Kaskazini, na huko akafuata maisha ya wafanyakazi wa mji wa mgodi wa Broken Hill, ambao leo unaitwa Kabwe. Aliuliza bei na mishahara, akahesabu mashati na mablanketi. Aliyoyakuta hayakuwafurahisha wakubwa. Wengi wa wale walioitwa wageni wa kazi walikuwa wamekaa mijini miaka mingi. Fedha yao nyingi iliishia kwenye nguo, na vita vilipoanza mwaka 1939 bei za nguo zilikimbia na kuuacha ujira nyuma. Mamlaka za mgodi zikamzuia kuingia kambini. Wilson alifariki mwaka 1944, bado kijana.

Na kabla hajazuiwa, damu ilikuwa imekwisha kumwagika katika migodi ya jirani. Mwaka 1935 wachimbaji wa Mufulira, Nkana na Luanshya waligoma kwa sababu kodi ya mijini ilipandishwa ghafla, na watu 6 wakauawa Luanshya. Mwezi Machi 1940 wachimbaji Wazungu waligoma kwanza, wakadai nyongeza kwa kisa cha vita na wakapewa. Waafrika wakaona njia. Huko Nkana walidai shilingi 10 kwa siku, ilhali aliyeanza kazi juu ya ardhi alilipwa shilingi 12 na nusu kwa tiketi nzima ya siku 30. Serikali na kampuni waliliona dai hilo kuwa ndoto ya wendawazimu. Tarehe 3 Aprili askari walifyatua risasi, na waliokufa walifika 17. Dai lile halikuwa la kichaa kama lilivyosemwa. Ni dai la mtu aliyepiga hesabu ya kaya yake mwenyewe, badala ya ile aliyopigiwa na bwana.

Baada ya vita wimbi lilifika pwani. Mombasa iligoma Januari 1947, Dar es Salaam Septemba mwaka huohuo, mgomo ukianza gatini na kufuata reli kwenda bara. Unguja zamu yake ilikuwa tarehe 20 Agosti 1948, walipoweka mizigo chini mahamali wa bandarini, wengi wao wenye asili ya bara. Septemba ilipoingia mji mzima ulikuwa umesimama. Madai yalikuwa yaleyale, kwamba vitu vimepanda na ujira haukupanda. Na hoja ya upande wa pili ilikuwa ileile. Unguja nayo ilikuwa na Mbebe zake, vijishamba vya muhogo chini ya mikarafuu ya wenyewe, ambako jamaa wa hamali walilima kwa ridhaa ya mwenye miti. Muhogo ule ulihesabiwa kimyakimya kuwa sehemu ya mshahara. Walakini muhogo una hila zake: unamlisha mfanyakazi kwa faida ya mwajiri siku za kazi, na siku za mgomo unamlisha kwa hasara ya mwajiri.

Migomo ile iliitikisa kanuni ya mseja. Katika miaka ya 1950 maofisa wenyewe walianza kusema kwamba mfanyakazi atulie mjini na alipwe kama mtu mwenye familia. Dar es Salaam ilipata kima cha chini cha mshahara kwa sheria mwaka 1957. Baada ya uhuru, bodi iliyoongozwa na Chesworth ilipendekeza kima cha nchi nzima, na kuanzia 1963 mfanyakazi wa Dar es Salaam alistahili shilingi 150 kwa mwezi, wa miji midogo na wa mashambani akipata chini ya hapo. Kwa miaka michache mshahara uliitwa mshahara kwa haki. Wenye mashamba ya mkonge, waliokuwa pia wakiumizwa na bei ya dunia, walijibu kwa kupunguza watu.

Kisha mkulima akaitwa tena kutoa ushahidi, safari hii upande mwingine. Mwaka 1967 ripoti ya Profesa Turner wa Shirika la Kazi Duniani ilionyesha kwamba mishahara imepanda kuliko kipato cha mkulima. Azimio la Arusha lilikuwa limekwisha kuonya mwaka huohuo kwamba miji yaweza kuwanyonya wa vijijini. Serikali ikaweka breki kwenye nyongeza za mishahara. Onyo lilikuwa la kweli, na nia ilikuwa njema. Hata hivyo inafaa kukumbuka kwamba mara ya kwanza mshahara ulizuiwa kwa sababu shamba linalisha, na mara ya pili kwa sababu shamba linanyonywa, na mara zote mbili mshika jembe hakuulizwa.

Nyanda za Juu Kusini, hata hivyo, zilipata neema fulani. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 serikali ililipa bei moja ya mahindi nchi nzima. Gunia la mlimani karibu na Malawi likawa na thamani sawa na gunia la Morogoro, gharama ya lori ikabebwa na Shirika la Usagishaji la Taifa. Mbolea nayo iliuzwa kwa ruzuku. Mikoa ya Mbeya, Iringa, Ruvuma na Rukwa ikawa ghala la nchi, na sembe yake ikamfikia karani wa Dar es Salaam kwa bei iliyoshikiliwa chini. Sembe rahisi ilikuwa, kwa hakika, nusu ya mshahara iliyolipwa kwa kilo.

Nusu hiyo haikudumu. Mafuta yalipanda, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, vita vya Kagera vikamaliza fedha za kigeni, na ile miezi 18 ya kufunga mkanda aliyoomba Mwalimu Nyerere ikazaa miezi mingine. Foleni zikawa ndefu kwenye maduka ya kaya. Sabuni na sukari zilivuka mpaka gizani kutoka Malawi na Zambia, na Tunduma ikajifunza biashara ambayo haijaisahau. Mwaka 1983 ulikuja msako wa wahujumu uchumi, na mwaka huohuo sheria ya Nguvu Kazi iliwarudisha mashambani wasio na kazi mijini. Bajeti ya Juni 1984 iliondoa ruzuku ya sembe, na kama fidia kima cha chini kikapandishwa kwa asilimia 35, kutoka shilingi 600 hadi 810. Fidia ililiwa na bei kabla ya kuzoeleka mfukoni. Mtafiti Aili Mari Tripp amekadiria kwamba kati ya 1974 na 1988 thamani halisi ya mishahara ilishuka kwa zaidi ya asilimia 80.

Watu waliishi kwa nini, basi? Waliishi kwa miradi, neno ambalo miaka ile lilishuka kutoka kwenye mipango ya serikali hadi kwenye banda la kuku. Mwalimu aliuza barafu, mke wa karani akakaanga maandazi, daktari akafuga nguruwe nyuma ya nyumba. Masharti ya Azimio la Arusha yalimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, wakati mmoja haukufika katikati ya mwezi. Sharti hilo liliondolewa mwezi Februari 1991, na kikao kilichoamua hivyo kilikaa Zanzibar. Kwa lugha ya miaka ya 1930, mfanyakazi alikuwa amerudishwa kwenye ujira wa mseja, na familia yake ikarudishwa kwenye jembe, kiroba cha mahindi na baraka za bibi.

Tofauti ni kwamba bibi naye sasa hununua. Ruzuku ya mbolea iliondolewa hatua kwa hatua mapema katika miaka ya 1990, na bei moja ya mahindi ilikuwa imekwisha kuachwa. Mbolea ilipopanda kupita kiasi duniani mwaka 2021 na 2022, serikali ilirudisha ruzuku, na mfuko wa kilo 50 ukauzwa kwa shilingi 70,000. Kima cha chini cha watumishi wa umma kilipandishwa mwaka 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, asilimia 35 na kidogo, karibu sawasawa na ile ya 1984. Kati ya tarakimu hizo mbili iko safari mpya ya fedha. Zamani shamba lilimlisha aliyeajiriwa. Siku hizi, mvua za Novemba zikikaribia Ileje, simu hupigwa kwenda Mbeya, Tunduma au Dar es Salaam, na mshahara ambao haujamtosha mwenyewe hukatwa kipande na kutumwa kwa simu, ununue mbolea ya mahindi ambayo mwezi Juni yatarudi mjini ndani ya kiroba kilichofungwa juu ya basi. Nauli ya kiroba hulipwa na anayekipokea.