Anayepona matatizo ya ulaji: chakula kirudi vipi?

Msichana wa sekondari anaanza kukataa wali, kisha ugali, mwisho anaishi kwa chai ya rangi. Mtaani wanasema amerogwa, wengine wananong'ona kuhusu virusi vya UKIMWI. Mwingine anakula sufuria nzima usiku, halafu anakwenda chooni kujitapisha. Haya ni maradhi. La kwanza huitwa anoreksia, la pili bulimia. Huwapata wanawake na wanaume, na yanatibika.

Leo, msikilizaji, tunaangalia kipindi ambacho familia nyingi hukosea kwa nia njema: pale mgonjwa anapokubali kula tena.

Usimshibishe kwa siku moja

Mtu aliyekaa siku 5 au zaidi bila kula, au akila kidogo sana, asipewe sahani iliyojaa. Apelekwe kwanza kituo cha afya. Mwili wenye njaa ndefu unapopokea chakula kingi ghafla, madini kama fosfeti na potasiamu hutoka kwenye damu na kuingia kwenye seli. Yakipungua mno kwenye damu, moyo unaweza kuyumba, mgonjwa akapoteza maisha. Baada ya Vita Kuu ya Pili, baadhi ya mateka waliokombolewa wakiwa na njaa kali walikufa walipoanza kulishwa.

Hospitalini damu hupimwa, mgonjwa hupewa vitamini B1, na chakula huongezwa hatua kwa hatua.

Kula kwa saa

Daktari akisharidhika, mtaalamu wa lishe hukaa na mgonjwa na kupanga naye ratiba. Msingi wake ni milo 3 na vitafunwa 2 au 3, bila kupitisha saa 4 mchana kutwa pasipo kula. Kwa mfano:

- Saa 1 asubuhi: uji wa maziwa wenye karanga
- Saa 4: ndizi mbivu au kiazi kitamu
- Saa 7 mchana: ugali, dagaa na mboga
- Saa 10 jioni: parachichi au maziwa
- Saa 1 usiku: wali na maharage

Kiasi hupangwa na mtaalamu. Mgonjwa hangojei njaa, kwa sababu hisia ya njaa na ya shibe huwa imevurugika. Anakula kwa saa kama mtu anavyomeza dawa. Kwa anayekula kupita kiasi na kujitapisha, ratiba hii ndiyo kinga, maana kushinda njaa mchana huleta kufakamia usiku. Akitapika, asukutue kwa maji matupu na asubiri angalau nusu saa kabla ya kupiga mswaki. Asidi ya tumboni hulainisha meno.

Kwa nini anawaza chakula tu?

Nchini Marekani, mwaka 1944 hadi 1945, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wa kiume waliojitolea, kwa miezi 6. Walikuwa wazima wa akili. Lakini njaa iliwafanya wawe wakali, wajitenge, na wasome vitabu vya mapishi mchana kutwa. Waliporuhusiwa kula, baadhi walikula sana na bado hawakuhisi shibe.

Kwa hiyo anayepona akiomba kuongezwa, au akikasirika mezani, usimwite mlafi wala mkaidi. Mwili unadai deni lake.

Maneno ya nyumbani

Kwetu kumwambia mtu "umenenepa" ni sifa. Kwa anayepona, neno hilo laweza kumrudisha nyuma wiki nzima. Usiseme lolote kuhusu umbo lake, wala usimpime uzito nyumbani. Kaeni naye, kuleni chakula kilekile, zungumzeni habari za shamba au mpira. Baada ya mlo, bibi au dada abaki naye kwa muda, hasa kama huwa anajitapisha.

Ukifika mwezi wa Ramadhani au Kwaresima, zungumza na daktari, na pia sheikh au padre. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga.

Pa kwenda

Anzia zahanati au kituo cha afya, uombe kuelekezwa kwa afisa lishe na kwa mtoa huduma wa afya ya akili. Wote wawili wanahitajika, kwa kuwa chakula hujenga mwili lakini hofu ya chakula huhitaji ushauri.

Usisubiri ukiona anazimia, moyo unadunda ovyo, anatapika damu, miguu inavimba baada ya kuanza kula, amechanganyikiwa, au anasema hataki kuishi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kupona huchukua miezi, mara nyingi miaka. Uzito ukirudi, msikilizaji, usifikiri kazi imekwisha. Endelea kumwekea sahani yake, kwa saa yake, bila maneno.