Mafuta, Shaba na Fataki: Ufundi Usiokita Mizizi Usukuma

Ganda la risasi likishapigwa hutanuka kwa nguvu ya baruti mpaka likagusa kuta za chemba ya bunduki. Anayetaka kulijaza upya hulipaka mafuta kidogo, kisha hulisukuma ndani ya kalibu ya chuma ili lirudi kwenye kipimo chake. Akisahau mafuta, ganda hung'ang'ania humo na kulitoa ni kazi. Akizidisha, mafuta yanayokosa pa kwenda hulibonyeza begani. Kazi hii haikuwa desturi ya wahunzi wa Nyalikungu, Bariadi wala kwingineko Usukuma, na jibu jepesi ni kwamba hawakuwa na ufundi wa kuibana shaba kwa kipimo. Jibu hilo halisimami.

Tazama waya. Karne ya 19 misafara kutoka pwani ilipeleka bara waya mnene wa shaba ya njano, ambao wafanyabiashara waliuita masango. Msafiri Stanley alipojiandaa Zanzibar mwaka 1871 alinunua frasila 10, yaani zaidi ya kilo 150, akieleza kuwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waya ulihesabiwa kama dhahabu. Wahunzi wa Unyamwezi, jirani na ndugu wa Wasukuma kwa lugha, waliuvuta uwe mwembamba kwa ajili ya bangili na pete za miguuni. Ncha huchongwa, hupenyezwa kwenye tundu la bamba la chuma, hushikwa kwa koleo na kuvutwa. Kisha tundu dogo zaidi, na dogo zaidi tena. Shaba inayobanwa hivyo hukakamaa, kwa hiyo hupashwa moto ilainike, na tundu likikosa mafuta waya hukwaruzika au kukatika. Mjaza risasi naye hupambana na mambo hayohayo: tundu linalobana, shaba inayokakamaa, mafuta yanayoiwezesha kupita. Aliyeweza la kwanza hakushindwa la pili kwa uzito wa mikono.

Kilichokosekana kilizuiwa kwa makusudi. Mkataba wa Brussels wa Julai 1890 ulizuia kuingiza bunduki za kisasa na risasi zake katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini, na Usukuma imo katikati kabisa ya mipaka hiyo. Mwafrika aliachiwa gumegume isiyo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Silaha ya namna hiyo hushindiliwa kupitia mdomoni na haina ganda hata moja la kuokota. Mhunzi angepaka nini mafuta?

Mtu atasema maganda yalikuwepo: askari wa Kijerumani walibeba bunduki za muundo wa mwaka 1871, zenye maganda manene ya shaba, na risasi walizipiga huku na huko. Ni kweli, lakini ganda tupu bila fataki, yaani kile kilipuzi kidogo cha kitakoni kinachowasha baruti, ni kipande cha shaba tu, chenye faida zaidi kwa mfua bangili. Fataki ni kemia, haifuliwi kwa nyundo. Ushahidi bora unatoka Mansa, kaskazini mwa Tanga, ambako meli ya Rubens ilishambuliwa na Waingereza Aprili 1915 ikiwa na shehena ya silaha za Wajerumani. Risasi ziliopolewa zikiwa zimelowa maji ya chumvi, zikafunguliwa, baruti ikakaushwa, zikaunganishwa upya. Hayo yalikuwa maganda ambayo hayajapigwa, hivyo hayakuhitaji kalibu wala mafuta, na kwa hiyo mfano huu hauthibitishi kila kitu. Unathibitisha hili: katikati ya vita, mbali na kiwanda chochote cha risasi, kazi ya kufungua na kufunga iliwezekana, na hata hivyo baadhi ya risasi ziliendelea kukataa kulipuka. Unyevu haukuishia kwenye baruti, ulifika hadi kwenye fataki. Shaba ilipona, vilivyodhurika ni vile ambavyo mkataba wa 1890 ulihakikisha havimfikii mhunzi wa Usukuma.