Hesabu ya Maili katika Nchi ya Ufipa

Tangu kale binadamu amepima safari kwa taabu yake: siku ngapi, vituo vingapi, maji yako wapi, na chakula kitapatikana kwa nani. Umbali ulikuwa gharama, na aliyeweza kuupunguza alisifiwa kuwa mjuzi wa njia. Katika karne ya 20 ilizuka hesabu nyingine iliyo kinyume cha hiyo, nayo ni ya msafiri wa ndege anayetafuta njia ndefu kwa makusudi, kwa kuwa kila maili anayoruka huandikwa kwa jina lake kama akiba. Hesabu hizi mbili zaweza kulinganishwa vizuri zikitazamwa kutoka nyanda za juu za Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, ambako mmoja wa wasafiri wakubwa wa karne ya 19 alipita walau mara tatu.

Msafiri huyo ni James Chuma. Alikuwa Myao kwa asili, na katika utoto wake alitiwa utumwani. Mwaka 1861, katika nchi za Mto Shire, aliokolewa na David Livingstone pamoja na wamisheni waliofuatana naye. Mwaka 1864 alivuka bahari na Livingstone hadi Bombay. Mwaka 1866 akaletwa Unguja, akaingia bara kwa njia ya Ruvuma. Katika miaka iliyofuata alifika Bangweulu, Tanganyika na Manyema, naye alikuwa bado kijana.

Ufipa aliiona mwaka 1872. Livingstone alitoka Unyanyembe mwezi wa Agosti, akashika ukingo wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo milima ya Ufipa hushuka hadi majini. Kwenye ramani njia hiyo yaonekana fupi na rahisi kufuata, kwa maana ziwa halimpotezi mtu; lakini kwa miguu ni kupanda na kushuka kutwa nzima, na kiongozi wa msafara alikuwa mgonjwa. Mwanzoni mwa Mei 1873 Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia.

Hapo Chuma, Abdullah Susi na wenzao waliukausha mwili wake, wakaazimia kuufikisha pwani. Hapakuwa na Mzungu wa kuwaamuru wala mwenye kuwalipa njiani. Mpango ulikuwa wao wenyewe. Walipolikaribia Ziwa Tanganyika hawakurudia njia ya mwaka uliopita. Waliikwepa milima ya ukingoni, wakapita bara, upande wa mashariki, katika nyanda za Wafipa, nao wakaiona njia hiyo kuwa nyepesi kuliko ile ya kwanza. Ilikuwa nchi ya wakulima na wafua chuma, ambao tanuri zao ndefu za udongo zilitoa majembe. Oktoba 1873 walifika Unyanyembe, na huko Luteni Cameron akawashauri wauzike mwili papo hapo. Walikataa. Februari 1874 walikuwa Bagamoyo, baada ya miezi tisa na maili zaidi ya 1,000.

Malipo ya maili hizo yalikuwaje? Livingstone alizikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874, ilhali Chuma na Susi walikuwa bado hawajafika Uingereza. Waliitwa baadaye mwaka huohuo ili wasaidie kuzitengeneza kumbukumbu za safari. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London iliagiza medali 60 kwa ajili ya wasafiri wale. Mwaka 1879 Jumuiya hiyohiyo ilituma msafara mwingine. Kiongozi wake Keith Johnston alipokufa, Joseph Thomson, kijana wa miaka 21, alishika mahali pake, na mkuu wa wapagazi alikuwa Chuma. Mwaka 1880 walipita Ufipa, wakaliona Ziwa Rukwa, na Thomson akaliita kwa jina la Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882.

Ndege zilipokuja, Ufipa iliachwa kando. Njia ya Imperial Airways kutoka London hadi Cape Town, iliyofunguliwa mwaka 1932, ilikuwa na kituo Mbeya. Tarehe 17 Juni 1947 Pan American ilianzisha safari za ratiba za kuzunguka dunia, na tarehe 1 Mei 1981 American Airlines ilianza kuwaandikia abiria wake maili walizoruka, ili zikitimia kiasi wapewe safari bila nauli. Haba na haba hujaza kibaba. Na watu wakaanza kutafuta haba hizo kwa werevu.

Uwanja mkubwa wa werevu huo ni tikiti ya kuzunguka dunia. Muungano wa Star Alliance ulipanga bei kwa madaraja ya maili, upeo ukiwa 39,000. Muungano wa oneworld, katika tikiti yake mashuhuri, ulipanga bei kwa idadi ya mabara na kwa nchi ya kuanzia. Sharti msafiri avuke Atlantiki na Pasifiki, aelekee upande mmoja wa dunia, asizidishe safari 16, wala nne katika bara moja, isipokuwa sita katika Amerika ya Kaskazini. Basi mwenye kutaka kuchuma maili hutafuta kwanza nchi yenye bei nafuu ya kuanzia, kisha hutumia kila ruka aliloruhusiwa. Akiwa Hong Kong, na shabaha yake ni Tokyo, hupitia kwanza Kuala Lumpur. Maili zipatazo 1,800 zikawa karibu 4,900, na bei ni ileile. Mashirika yaliutambua mchezo huo. Mwaka 2015 Delta na United, na mwaka 2016 American, yaligeuza hesabu ifuate fedha iliyolipwa, ingawa mengine yaliendelea kuhesabu umbali.

Sasa na atazamwe msafiri wa Sumbawanga. Kwa miaka mingi aliyetaka ndege kubwa alianza kwa gari, kilometa zaidi ya 300 kwa njia ya Laela na Tunduma mpaka Mbeya, nayo kabla ya lami ilikuwa safari ya vumbi na matope. Tangu mwaka 2012 kiwanja cha Songwe kilimwezesha kuruka hadi Dar es Salaam. Lakini Air Tanzania haimo katika miungano ile mikubwa, na tikiti ya dunia ilimngoja Dar es Salaam. Sehemu iliyomchosha kuliko zote haikuandikwa katika akiba yake.

Kwa hiyo maili haikuwa kipimo cha ardhi tu. Ni hesabu, na kila hesabu ina mwandishi wake na mahali inapoanzia. Maili za Chuma katika Ufipa ziliandikwa katika vitabu vyenye majina ya Livingstone na Thomson. Asomaye habari za safari, ya wapagazi au ya ndege, hana budi kuuliza kwanza ni nani aliyeshika kalamu, na ni maili zipi zilizotembewa kabla hajaanza kuhesabu.