Kutoka mafiga hadi mbabula: historia ya moto wa nyumbani kati ya Luvungi na Bukavu

LUVUNGI, Kivu Kusini – Luvungi iko katika tambarare ya Ruzizi, teritwari ya Uvira, kwenye barabara ya Bukavu kwenda Uvira. Joto la huko linatosha, na moto ni wa kupikia. Lakini ukipanda milima ya Ngomo hadi Bukavu, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku una baridi. Wakati wa mvua, familia nyingi huingiza mbabula chumbani ili kuota moto. Desturi hiyo ina historia yake, na pia hatari yake.

Zamani, katika nyumba za majani, kuni ziliwaka ndani kati ya mafiga matatu. Moto huohuo ulipika chakula na kuwapa watu joto. Moshi uliumiza macho, lakini ulipata njia ya kutokea kwenye majani ya paa.

Mji ulibadilisha mambo. Bukavu, iliyoitwa Costermansville wakati wa Wabelgiji, ilikua, na kuni zikawa mzigo: ni nzito na zina moshi. Makala ni mepesi kusafirisha na huwaka bila moshi mwingi. Ila tanuru ya udongo inakula miti: kilo 6 hadi 10 za kuni hutoa kilo moja tu ya makala.

Msitu ndio uliolipa. Mbuga ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975. Batwa walioishi humo walifukuzwa, wakapoteza makao, mawindo na kuni zao. Mwaka 1994 wakimbizi wengi kutoka Rwanda waliingia Kivu, na kambi kama Kashusha na Inera zikawa karibu na mbuga. Kila familia ilihitaji moto. Mwaka 1997 UNESCO iliiweka mbuga hiyo kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Wakati huo wote, umeme ulikuwa karibu. Bwawa la Ruzizi I lilianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II mwaka 1989. Maji yanayozungusha mitambo hiyo hushuka hadi tambarare na kupita upande wa Luvungi. Hata hivyo, katika jikoni nyingi za jimbo chakula bado kinapikwa kwa kuni na makala.

Nyumba nazo zimebadilika. Matofali, saruji na mabati havipitishi hewa kama majani. Makala yakiwaka ndani hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala anaweza kufa bila kushtuka. Mbabula yenye udongo ndani hupunguza matumizi ya makala, lakini haiondoi gesi hiyo. Mbabula iwashwe nje, dirisha liachwe wazi wakati wa kuota, na moto utolewe chumbani kabla ya watoto kulala.