Jacques Plante na Barakoa ya Kipa

Jacques Plante alizaliwa tarehe 17 Januari 1929 karibu na Mont-Carmel, katika jimbo la Quebec nchini Kanada, akiwa mtoto wa kwanza katika familia ya watoto 11. Alikulia Shawinigan Falls, mji wa viwanda ambako baba yake alikuwa kibarua. Fedha zilikuwa haba, na mama yake alimfundisha kushona na kufuma, kazi aliyoendelea nayo hata alipokuwa nyota: kofia zake za sufu alizifuma mwenyewe. Alikuwa na pumu. Kukimbia juu ya barafu kwa viatu vya kutelezea kulimkata pumzi, na kwa sababu hiyo tangu utotoni aliwekwa golini katika hoki ya barafuni.

Hoki ya barafuni haichezwi kwa mpira wa duara, bali kwa kisahani cheusi cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi. Makipa wa kizazi cha Plante walivaa pedi nene miguuni na kifuani, lakini nyuso waliziacha wazi. Si kwamba hakuna aliyewahi kufikiria kinga. Mwaka 1930 Clint Benedict wa Montreal Maroons, baada ya kuvunjwa pua, alivaa barakoa ya ngozi kwa mechi chache kisha akaitupa kwa kuwa ilimziba macho. Kilichobaki kwa miaka 29 iliyofuata ni imani ya makocha kwamba kipa anayejifunika ni kipa mwoga.

Plante alipofika Montreal Canadiens, timu ya ligi kuu ya hoki ya NHL, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ugomvi wake wa kwanza ulihusu kofia. Kocha Dick Irvin alimkataza kuingia uwanjani na kofia yake ya kufuma, na kijana akatii. Lakini katika nusu fainali ya 1953, Montreal ikiwa nyuma kwa mechi 3 dhidi ya 2 mbele ya Chicago, Irvin huyohuyo alimpanga mgeni huyo badala ya kipa Gerry McNeil. Plante hakuruhusu bao hata moja, Montreal ikashinda pia mechi ya 7, na mwisho wa msimu ikatwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi.

Uchezaji wake ulikuwa wa aina yake. Kipa wa zamani alikaa langoni akisubiri kushambuliwa. Plante alitoka, akazunguka nyuma ya wavu kukizuia kisahani, akawapasia mabeki wake na kuwapigia kelele kuwaelekeza. Leo makipa wengi hufanya hivyo. Wakati ule ulionekana utundu, na ulivumiliwa kwa kuwa timu ilikuwa inashinda: kati ya 1956 na 1960 Canadiens ilitwaa Kombe la Stanley mara 5 mfululizo, rekodi ambayo haijavunjwa, na katika kila mmoja wa miaka hiyo Plante alipata Tuzo ya Vezina ya makipa.

Katikati ya mafanikio hayo alianza kuvaa barakoa mazoezini. Kocha Toe Blake, aliyekuwa amempokea Irvin kazi, aliruhusu hilo, ila kwenye mechi akakataa. Bill Burchmore, mfanyakazi wa kampuni ya nyuzi za kioo, alimtengenezea barakoa iliyofinyangwa kufuata sura yake.

Tarehe 1 Novemba 1959, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, shuti la mpinzani Andy Bathgate lilimpasua Plante usoni. Alitolewa akivuja damu, akashonwa, kisha akamwambia Blake kwamba harudi golini bila barakoa. Hapa ndipo kanuni za wakati huo zilipoamua historia. Timu ilisafiri na kipa mmoja tu. Akiumia, mchezo ulisimama hadi atakapotibiwa. Blake hakuwa na mtu wa kumweka badala yake. Ushujaa wa Plante haukanushiki, lakini bila upungufu huo huenda angekaa benchi. Alirudi na barakoa, na Montreal ikashinda 3–1.

Matokeo yaliwanyamazisha wabishi. Canadiens ilicheza mechi 18 bila kushindwa. Mwezi Machi 1960 Blake alimshawishi ajaribu tena kucheza uso wazi dhidi ya Detroit. Montreal ilifungwa 3–0, na barakoa ikarudi moja kwa moja. Wengine waliifuata polepole, na kipa wa mwisho wa ligi hiyo kucheza bila barakoa, Andy Brown wa Pittsburgh, aliondoka mwaka 1974.

Mwaka 1962 Plante alipata Tuzo ya Hart ya mchezaji bora wa ligi nzima, heshima ambayo makipa huipata kwa nadra. Mwaka uliofuata aliuzwa kwa New York Rangers, na mwaka 1965 akastaafu. Hakutulia. Timu mpya ya St. Louis ilimrudisha mwaka 1968, na yeye na Glenn Hall, mkongwe mwenzake, wakagawana Vezina ya 1969. Hiyo ilikuwa ya 7 kwa Plante. Katika fainali ya 1970 dhidi ya Boston, kisahani kilimpiga usoni kikamzimisha, na mwenyewe alisema kwamba barakoa ndiyo iliyomwokoa maisha.

Akiwa na timu ya Toronto, alikuwa na umri wa miaka 42 alipoongoza ligi nzima kwa kuruhusu wastani wa mabao 1.88 kwa mechi msimu wa 1970–71. Hukohuko alimfunza kazi Bernie Parent, ambaye baadaye aliipa Philadelphia makombe ya 1974 na 1975. Plante aliingizwa katika Jumba la Heshima la Hoki mwaka 1978, na kufariki kwa saratani ya tumbo jijini Geneva, Uswisi, tarehe 27 Februari 1986. Mwaka 1995 Canadiens iliistaafisha jezi yake namba 1.