Vifaa vya ziada vinavyofaa katika gari jipya la kasi

Bei inayotangazwa ya gari jipya la kasi huwa mwanzo tu wa gharama. Porsche 911, gari la Ujerumani lililooneshwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1963, huuzwa pamoja na orodha ndefu ya vifaa vya ziada, na vingi hulipiwa kando.

Kanuni ya kwanza ni kutanguliza vile ambavyo ni vigumu kuongezwa baadaye. Mtambo wa kuinua sehemu ya mbele kwa takriban sentimita 4 huliepusha gari na mikwaruzo kwenye matuta. Mfumo wa kugeuza magurudumu ya nyuma hurahisisha kukata kona mjini na hulituliza gari liendapo kasi.

Diski za breki za kauri zina takriban nusu ya uzito wa zile za chuma na hustahimili joto la viwanja vya mashindano. Hata hivyo, kuzibadilisha ni ghali mno. Anayeendesha barabara za kawaida hutoshwa na za chuma.

Rimu kubwa hupendeza, lakini tairi zake zenye ukuta mfupi huharibika upesi kwenye mashimo. Rangi yaweza kubadilishwa baadaye, ekseli sivyo.